Jiwe la kunolea la maji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kulitunza na kulisawazisha

Haya ni maswali yanayojirudia kila siku hapa Kigoma, kutoka kwa maseremala wa Ujiji na Mwanga, mafundi wa maboti kule Kibirizi, mama zetu wanaopasua samaki mwaloni, na watu wa majumbani wenye visu vya jikoni tu. Yameanzia ya mwanzo kabisa mpaka yale ya mara mojamoja, kwahiyo kama jiwe umelinunua juzi anzia juu, kama tayari lina bonde ruka moja kwa moja sehemu ya tatu.

## 1. Ya mwanzo kabisa

Jiwe la maji ndio lipi, na lina tofauti gani na la mafuta?

Kinoo chochote cha kiwandani ni chembe ngumu zilizobanwa pamoja. Chembe zenyewe mara nyingi ni aluminiamu oksaidi au ile karborandamu ambayo Edward Acheson aliipata kwenye tanuru la umeme kule Marekani mwaka 1891, na zote mbili ni ngumu kuliko chuma cha kisu chochote. Tofauti iko kwenye kubanwa. Jiwe la maji limeshikwa kwa ulegevu kidogo, ukinoa zile chembe zilizochoka zinabanduka na mpya zinatokea chini yake, ndio maana linakula chuma haraka na linatoa tope. La mafuta limebanwa sana, chembe zinakaa muda mrefu, na mafuta yanasaidia vichuma visizibe vitundu.

Yale mawe ya bei ya kawaida ya pande mbili, upande unaokwaruza na upande laini, ambayo unayakuta kwenye maduka ya hadiwea, mengi yanakubali maji na yanakubali mafuta. Ila chagua kimoja tangu siku ya kwanza, maana ukianza na mafuta kurudi kwenye maji ni kazi (angalia swali la mawese, sehemu ya 5).

Namba iliyoandikwa kwenye jiwe maana yake nini?

Namba ikiwa ndogo chembe ni kubwa na jiwe linakwaruza, namba ikipanda jiwe linakuwa laini. 120 mpaka 400 ni la kurekebisha makali yaliyomeguka, 800 mpaka 1200 ni la kazi ya kila siku, 3000 kwenda juu ni la kumalizia. Usilinganishe namba ya jiwe na ya msasa moja kwa moja kwa sababu vipimo vyao viko tofauti, jiwe la Kijapani la 1000 lina chembe za kama mikroni 14 hivi (mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu) wakati msasa wa P1000 ni kama 18. Mwenye uwezo wa jiwe moja tu achukue la 1000 au karibu na hapo.

Kwa nini jiwe linaingia bonde katikati?

Kwa sababu ni laini kwa makusudi, alafu mikono yetu inapenda katikati. Mtu ananoa patasi nyembamba anapita njia ileile asubuhi na jioni, pembe nne za jiwe hazijawahi kuguswa, baada ya muda jiwe limechukua umbo la mtumbwi.

Kwa huku kwetu kuna jambo linaloongeza, na ni mvule. Mti ule ndani yake unakuwa na vijiwe vya chokaa, ulimi wa randa ukikutana navyo makali yanakufa palepale, kwahiyo fundi wa mvule ananoa mara nyingi kuliko mwenzake anayeranda mninga na jiwe lake linachimbika mapema. Dawa ya kuchelewesha ni kutumia jiwe lote, pita pembeni, pita kwenye kona, ligeuze mbele nyuma kila baada ya muda.

Likiwa na bonde shida iko wapi? Mbona kisu changu bado kinakata?

Kisu cha jikoni kina tumbo la mviringo, kwahiyo bonde dogo kinalivumilia. Utaona tu pembe inabadilikabadilika, mwanzo wa jiwe umelaza kisu hivi, ukifika katikati kinalala vingine, na makali yanachelewa kutoka.

Patasi na ulimi wa randa havivumilii hata kidogo. Jiwe likiwa na bonde kwa upana, kona za patasi ndizo zinazoguswa zaidi, zinalika, makali yanatoka yamejipinda upinde badala ya kunyooka. Mgongo wa patasi nao, ule upande bapa, ukiusugua kwenye bonde unatuna, na mgongo uliotuna hauwezi kulala kwenye mbao hata umpe fundi gani. Ndipo unakuta kiungo cha mlango kinaacha nafasi, mtu analaumu mbao haijakauka, analaumu mkono wake, kumbe tatizo limelala kwenye beseni la maji. Mimi naamini kabisa kwamba mafundi wengi wanaoambiwa hawajui kunoa wanajua vizuri sana, wananoa tu kwenye jiwe lililopinda.

Ntajuaje kama langu limeshapinda?

Likaushe uso, simamisha rula ya chuma kwa ukingo wake juu ya jiwe, linyanyue usawa wa macho uangalie mwanga. Pima kwa urefu, kwa upana, alafu kona kwa kona mara mbili, maana kuna mawe ambayo kwa urefu yako sawa ila yamejisokota. Mwanga ukipenya chini ya rula, hapo pana bonde.

Ukitaka kujua kina chake chukua kipande cha karatasi ya fotokopi, ina unene wa kama milimita 0.1. Kikipita chini ya rula bila kukwama, kwa seremala hilo jiwe linasubiri kusawazishwa kabla halijagusa patasi. Kwa kisu cha samaki bado unaweza kuendelea siku mbili tatu.

## 2. Maji

Niliweke kwenye maji muda gani kabla ya kunoa?

Jiwe linalokunywa maji lizamishe mpaka vipovu viishe kutoka, mara nyingi dakika 5 mpaka 15. Vipovu ni hewa iliyokuwa kwenye vitundu, vikiisha maana yake maji yameshaingia. Kuliacha usiku kucha hakuongezi kitu.

Mbona mawe mengine wanasema yasilowekwe kabisa?

Ni kweli, na hili ndilo linaloharibu mawe ya gharama. Kuna mawe yamebanwa kwa gundi ya plastiki au kwa saruji ya magnesia, yakikaa kwenye maji muda mrefu yanalainika, mengine yanapata nyufa yakikauka. Hayo unayanyunyizia tu maji juu wakati wa kunoa. Kama huna karatasi ya maelezo weka tone la maji kwenye jiwe kavu uangalie, likimezwa hapohapo jiwe ni la kuloweka, likikaa juu linang'aa basi nyunyizia tu. Ukiwa na wasiwasi nyunyizia, kwa sababu kunyunyizia hakujawahi kupasua jiwe.

Maji ya ziwa yanafaa au lazima ya bomba?

Yanafaa. Shida ya maji ya ufukweni ni mchanga, maana punje moja ya mchanga kwenye jiwe la 3000 inachora mstari unaouona kwa macho. Chota kwenye ndoo, acha yatulie, tumia ya juu. Ya kisima na ya mvua nayo sawa tu.

Tope linalotoka nilioshe au niliache?

Wakati unanoa liache, ongeza tone la maji likianza kukauka. Lile tope ni chembe zilizobanduka na zinaendelea kukata, anayeliosha kila dakika anamwaga nguvu ya jiwe lake. Unaliosha pale tu unapohamia jiwe laini zaidi, na hapo uoshe kila kitu, jiwe, patasi na mikono, usipeleke chembe za 400 kwenye 3000.

## 3. Kusawazisha

Nitumie nini? Sina vifaa vya kisasa.

Kioo na msasa wa maji. Nenda kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu, pale vipande vya kioo vilivyobaki viko vingi, omba cha milimita 5 au zaidi kinachozidi jiwe lako kwa urefu. Kioo cha siku hizi kinatengenezwa kwa kumiminwa kikiwa cha moto juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, ndio maana kinatoka bapa kuliko karibu kila kitu ulichonacho nyumbani. Kingo zake zisugue kwanza zisikukate. Msasa ni ule mweusi wa maji wanaotumia wapaka rangi wa magari gereji, ule wa mbao utachanika dakika ya kwanza.

Marumaru ya sakafuni inaweza kushika nafasi ya kioo ila ipime na rula kwanza, nyingi zimetuna kidogo katikati, na ubapa wa jiwe lako hautazidi ule wa kitu unachosugulia.

Nielekeze mwanzo mpaka mwisho.

Loweka au nyunyizia jiwe kulingana na aina yake. Weka kioo juu ya taulo lililolowa kwenye meza isiyoyumba, mwaga maji kidogo, laza msasa, utajishika wenyewe kwa maji. Kwa jiwe la namba ya chini tumia msasa wa 60 mpaka 120, kwa la 1000 tumia 220, kwa mawe laini 400.

Sasa chukua penseli uchore miraba uso mzima wa jiwe, mistari ya urefu na ya upana. Geuza jiwe uso chini, shika kwa mikono yote miwili vidole vikiwa katikati na sio kwenye kona, sugua kwa kuzunguka, alafu kwa mistari mirefu, bila kukandamiza sana. Baada ya mizunguko kadhaa geuza jiwe, mbele iende nyuma, kwa sababu mkono wenye nguvu unakula upande wake. Nyanyua uangalie, penseli ikibaki katikati tu maana yake pembeni panaliwa na katikati bado ni chini, endelea. Penseli ikiisha yote chora tena usugue kidogo, safari hii mistari ifutike yote kwa pamoja. Hapo pima na rula kama ilivyoelezwa sehemu ya 1.

Bado hujamaliza, kuna kingo. Jiwe lililotoka kusawazishwa lina kingo kali zinazomeguka zikigongwa na patasi, na kile kipande kinakwaruza kazi. Liinamishe kama nyuzi 45 upitishe kila ukingo mara chache. Alafu suuza jiwe kwa maji mengi na brashi, kwa sababu punje za msasa zinaweza kubaki zimejichomeka, hasa kwenye mawe laini. Na kama una mawe kadhaa anza na lile laini umalizie na lenye kukwaruza.

Nifanye mara ngapi? Si nitalimaliza jiwe?

Hili linaulizwa kuliko yote na ndilo linalowafanya watu waogope. Angalia hivi: bonde la milimita mbili katikati, ili jiwe liwe sawa lazima uondoe milimita mbili pembeni kote, yaani unatupa sehemu ya pembeni ambayo hujaitumia. Mtu anayesugua kidogo kabla ya kila kunoa anaondoa vumbi tu, na kila sehemu ya jiwe lake inapata kazi. Ukijumlisha mwaka mzima jiwe unalotoa linakaribiana, kwa sababu bonde ulishalichimba wewe mwenyewe kwa kunoa, tofauti ni kwamba wa kwanza alinoa miezi yote kwenye jiwe baya na wa pili alinoa kwenye jiwe zuri.

Kwahiyo seremala, kila unapokaa kunoa anza na mizunguko michache kwenye msasa, dakika moja inatosha. Mwenye visu vya jikoni au vya samaki, kila baada ya kunoa mara nne tano. Ukisubiri mpaka bonde lionekane kwa macho utasugua mpaka mabega yaume.

Naweza kusugulia kwenye sakafu ya sementi, au kwa mchanga wa ufukweni?

Kwa jiwe la kukwaruza inawezekana na inafanya kazi. Mchanga ni laini kuliko chembe za jiwe, kwenye kipimo cha ugumu kinachoitwa Mohs ni 7 wakati chembe ni 9 hivi, ila mchanga haukati chembe, unazing'oa kutoka kwenye kibano chake, na hilo linatosha. Chekecha mchanga, mwaga kwenye tofali la sementi lililonyooka au kwenye kigae, weka maji, sugua. Sakafu yenyewe ipime, zile za kupigwa mwiko kwa mkono mara nyingi zina mawimbi.

Jiwe la 1000 kwenda juu usilipeleke huko. Mchanga utachora mifereji na punje zitabaki ndani.

Nikisugua mawe mawili yenyewe kwa yenyewe?

Mawili hayatoshi, yanaweza kukubaliana kabisa huku moja limetuna na jingine limebonyea, na ukiyapachika yanashikana vizuri yakakudanganya. Yakiwa matatu ni habari nyingine. La kwanza na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la kwanza, zunguka hivyohivyo kwa zamu, hapo hakuna umbo linaloweza kukubaliana na yote isipokuwa bapa. Kwa kanuni hiyohiyo Joseph Whitworth wa Uingereza alitengeneza bamba bapa za chuma karne ya 19. Kwa mawe ni mbinu nzuri ila inafaa yawe na namba zinazokaribiana, na uvumilivu uwepo.

Bamba la almasi lina thamani ya pesa yake?

Kwa fundi anayenoa kila siku, ndiyo, linasawazisha haraka na halichakai kama msasa. Usilitumie kwenye mawe ya namba za chini sana, zile chembe kubwa zikibanduka zinazunguka chini ya bamba na kung'oa almasi zake. Hayo yapeleke kwenye msasa au mchanga.

Jiwe linanata kwenye kioo au bamba, siwezi kulisogeza.

Hiyo inatokea mawe laini yakikaribia kuwa bapa kabisa, hewa haipiti katikati. Ongeza maji mengi, sukuma kwa pembeni, usilibandue kwa kuling'oa juu litateleza likudondokee. Ukiona linaanza kunata mara kwa mara acha upime, yawezekana kazi imeshaisha.

## 4. Kukausha na kuhifadhi

Nilianike wapi?

Kivulini penye upepo, limesimama kwa ubavu wake ili pande zote mbili zipate hewa. Jua la kiangazi la huku, mwezi wa saba wa nane, linakausha ngozi ya nje wakati ndani bado kuna maji, nje inasinyaa ndani haijasinyaa na ufa unapatikana. Karibu na jiko la mkaa ni vilevile.

Masika jiwe langu linaota ukungu, nifanyeje?

Limefungiwa likiwa bichi. Sugua kwa brashi na sabuni kidogo, suuza, pitisha kwenye msasa mara chache, acha likauke siku mbili kabla halijaingia kwenye boksi. Na boksi lenyewe liwe na matundu, au tumia kitambaa cha pamba badala ya mfuko wa nailoni.

Yale maji ya tope nimwage wapi?

Nje kwenye udongo. Kwenye sinki yanatulia chini ya bomba na kuganda. Na usisugue jiwe kavu ili kukwepa tope, vumbi la jiwe likiingia kwenye mapafu halitoki, maji ndiyo yanayolizuia lisipae.

## 5. Yale ya mara mojamoja

Mtu amepaka mawese kwenye jiwe langu la maji. Limekufa?

Halijakufa ila usilinolee kwanza. Mawese yanaganda nusunusu asubuhi kukiwa na baridi kidogo, yakiwa ndani ya vitundu maji hayaingii na vichuma vinabaki humo. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, sugua kwa brashi, badilisha maji, rudia mpaka mafuta yasionekane yakielea. Usimwage maji yanayochemka kwenye jiwe la baridi. Ukimaliza sawazisha uso, ile ngozi ya juu iliyokunywa mafuta iondoke, alafu jaribu tone la maji kama sehemu ya 2. Kama ni lile jiwe la kuloweka kidogo tu au la kunyunyizia, osha kwa haraka bila kulizamisha.

Jiwe liko bapa lakini haling'ati, kisu kinateleza tu.

Limeziba vichuma, utaona uso umekuwa mweusi unang'aa. Mizunguko kadhaa kwenye msasa wa 220 inafungua uso mpya. Kama linarudi hivyo haraka unanoa na maji machache.

Vijana wananoa ndoano za kuvulia kwenye jiwe langu, zinaacha mifereji.

Wape ubavu wa jiwe, au kipande kilichovunjika. Mfereji wa ndoano kwenye uso hauna tiba zaidi ya kusawazisha mpaka kina chake kiishe.

Panga, shoka na tezo navyo vinataka jiwe bapa?

Hapana. Kwa panga na shoka, tupa ndiyo inafanya kazi kubwa, jiwe linamalizia. Tezo la mafundi wa maboti limepinda lenyewe, pale unashika jiwe dogo mkononi unalipeleka kwenye makali. Ila kwa vifaa hivyo usitumie jiwe lako la patasi, tenga lingine.

Naweza kuloweka na kusawazisha jiwe la grainda hivihivi?

Usiloweke kabisa. Jiwe la duara likikaa nusu kwenye maji linakuwa zito upande mmoja, ukiwasha kwenye kasi linatikisika na linaweza kupasuka usoni kwako. Lina kifaa chake maalumu cha kulinyoosha likiwa linazunguka, na miwani lazima. Likishapata ufa halirudi kwenye mashine.

Limevunjika vipande viwili, au limebaki jembamba. Nitupe?

Lililovunjika likaushe kabisa siku kadhaa, paka gundi ya epoksi, bana, alafu sawazisha sehemu ya kiungo mpaka kidole kisihisi ngazi. Lililobaki jembamba chini ya kama sentimita moja libandike kwa epoksi juu ya kipande cha marumaru kilichonyooka, usitumie mbao, mbao ikinywa maji inavimba na kulivunja. Vipande vidogo visivyoungika vitunze, vinafaa kwa ndoano, kwa tezo, na kile cha jiwe laini ukikisugua juu ya jiwe kubwa la namba hiyohiyo kinaamsha tope haraka kabla hujaanza kunoa.